Umepata C ya Kemia na Bado Unautaka Udaktari

Msomaji wetu wa leo ni binti wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha jimbo, Marekani. Alizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi waliokimbia vita Kongo, na familia ikahamishiwa Marekani yeye akiwa bado shule ya msingi. Matokeo ya muhula wa kwanza yametoka: kemia C, baiolojia B-, kalkulasi C+, na somo la uandishi A-. Anauliza: “Dada, kanisani wananiita daktari. Kabla ya mitihani mchungaji aliniita mbele nikaombewa. Niache mapema, au niendelee mpaka aibu iwe kubwa?”

Haya, mdogo wangu. Vuta kiti. Lia kama bado hujamaliza kulia, ukimaliza uchukue kalamu, maana kuna hesabu za kupiga.

Sitakusimulia Einstein aliyefeli hesabu. Kwanza hakufeli, hadithi hiyo ni ya uongo. Pili, wanaochagua wanafunzi wa udaktari hawana habari na Einstein; wanasoma karatasi yako.

Tuanze na kanisani na nyumbani, kwa sababu nahisi hofu yako imejaa huko kuliko kwenye kemia. Tanzania, kijana aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) akimaliza kidato cha sita na alama zikimruhusu, anaingia MD, shahada ya udaktari, moja kwa moja: miaka 5 darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Kenya ni miaka 6. Mzazi aliyezoea mtindo huo akisikia binti kaingia chuo kikuu anasoma baiolojia “ili awe daktari”, kichwani mwake binti keshaingia; kilichobaki ni kuhesabu miaka na kununua koti jeupe. Marekani haiko hivyo. Hapo unasoma kwanza shahada ya kawaida ya miaka 4, ya somo lolote mradi umepitia masomo ya sayansi yanayotakiwa. Halafu unaomba. Ukikubaliwa unasoma miaka mingine 4, kisha unafanya mafunzo ya fani yako hospitalini kwa miaka 3 hadi 7. Umefeli udaktari? Hujauanza. Na wanaouomba ni wengi kuliko nafasi: kwa masomo yaliyoanza 2023, waombaji wa vyuo vya MD walizidi 52,000, walioingia walikuwa kama 23,000. Zaidi ya nusu walibaki nje mwaka huo, na miongoni mwao walikuwemo wenye alama zinazong’aa.

Sasa kalamu. Kemia ni krediti 4 kwa C, yaani 2.0. Baiolojia krediti 4 kwa 2.7. Kalkulasi krediti 4 kwa 2.3. Uandishi krediti 3 kwa 3.7. Zidisha, jumlisha, gawa kwa 15: GPA yako, yaani wastani wa alama, ni 2.6. Iandike. Chini yake andika na ya sayansi peke yake, kwa kuwa hiyo hutazamwa kando: baiolojia, kemia, fizikia na hesabu tu. A- yako ya uandishi haimo humo, na unabaki na 2.3. Najua inauma. Lakini inauma ukiwa bado na krediti 105 mbele yako, na kuna wenzio wanaoigundua namba hiyo mwaka wa nne, wakiwa wameshalipia maombi.

Shahada nzima ni krediti kama 120. Tuseme muhula wa pili hujageuka malaika, umepata 3.2. Mwaka wa kwanza unafunga na 2.9. Tuseme tena kwamba kuanzia mwaka wa pili umejipanga kweli, unapata 3.8 kila muhula. Mwisho wa mwaka wa tatu utakuwa na 3.5; mwisho wa mwaka wa nne, 3.58. Wastani wa wanaoingia vyuo vya MD huko ni karibu 3.8, na wa vyuo vya DO, mkondo mwingine wa udaktari nitakaokueleza baadaye, karibu 3.6. Huo ni wastani, maana yake wapo walioingia wakiwa chini yake. Sasa sitaki nikudanganye: 3.8 kila muhula ni A nyingi na B chache, nayo haiji kwa kuombewa. Ninachosema ni kwamba C moja haijaifunga hesabu. Kitakachoifunga ni C ya pili, ya tatu na ya nne zitakazokuja kwa sababu uliendelea kusoma vilevile ulivyosoma muhula huu.

Maombi ya vyuo vingi vya MD hupitia mfumo mmoja unaoitwa AMCAS, chini ya AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari. AMCAS huichambua GPA yako mwaka kwa mwaka. Anayefungua faili lako ataona 2.9, kisha 3.8, 3.8, 3.8. Ataona umeanguka wapi na umeinukia wapi. Mtu aliyepata C ya kemia akiwa na miaka 18, akaja kupata A ya biokemia akiwa na 20, hana haja ya insha ndefu ya kujitetea. Aliyeanza na A akateremka hadi C ndiye mwenye maswali ya kujibu.

Ndiyo maana nakuomba usikimbilie kuirudia kemia. Najua binamu zako waliosoma Tanzania wamekwambia habari za sapu: ukifeli somo unapewa mtihani mwingine, ukifaulu unasonga mbele. Hapo ulipo hakuna sapu. Chuo chako kinaweza kukuruhusu kurudia somo na kuificha alama ya zamani katika hesabu yake, lakini AMCAS haifichi, inazihesabu zote mbili. Mfumo wa maombi wa vyuo vya DO zamani ulikuwa unaifuta ya kwanza. Tangu 2017 nao umeacha. C hukubaliwa na vyuo vingi kwamba sharti la somo limetimia. Ya kurudia ni C- kushuka chini. Ningekuwa wewe ningeiacha C ikae hapo hapo, nikaenda kemia ya pili nikiwa nimejiandaa. Ila kama moli na usawazishaji wa milinganyo bado ni kiza kwako, tumia likizo kuyasoma upya kimyakimya kabla hujaandikishwa tena, kwa sababu kemia ya pili haimsubiri mtu. Na muhula wowote ukiona somo moja linakuzamisha, ipo tarehe ya mwisho ya kujitoa. W moja, alama ya kujitoa, kwenye karatasi ni nafuu kuliko D. Kabla ya kujitoa pita ofisi ya msaada wa fedha uulize, maana ukishuka chini ya krediti 12 si mwanafunzi wa muda wote tena, na msaada wako unaweza kupunguzwa.

Jambo jingine la karatasi, halafu tuachane nazo. Maombi hutumwa kuanzia Mei mwishoni au Juni, mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Anayetaka kuunganisha bila kupumzika huomba akimaliza mwaka wa tatu, na alama za mwaka wa nne hazimo. Wewe ambaye uzuri wa karatasi yako utakuja mwishoni, nani anakukimbiza? Omba baada ya mwaka wa nne. Siku hizi wengi wa wanaoingia vyuo vya udaktari Marekani wamekaa angalau mwaka mmoja nje baada ya shahada, wakifanya kazi kliniki au maabara. Nyumbani wataona umekwama. Hujakwama.

Tuje kwenye C yenyewe. Katika barua yako ndefu umenitajia, kwa sentensi moja tu kama jambo dogo, kwamba Ijumaa hadi Jumapili unafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, na kwamba mara mbili umekosa maabara kwa sababu ulimpeleka mama hospitali ukamtafsirie. Mdogo wangu, hiyo sentensi ndiyo barua. Kurasa nyingine zote umezijaza “mimi sina akili ya sayansi”.

La mama ni jepesi kuliko unavyodhani. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, na ni karibu zote, zinatakiwa kisheria kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na sheria ya bima ya afya ya 2010 ikaukaza. Mama akipanga miadi aseme anahitaji mkalimani wa Kiswahili, na aseme wazi kwamba ni Kiswahili cha Kongo, maana mkalimani wa Mombasa na mama wa Uvira wanaweza kuzungumza nusu saa kila mmoja akimsikitikia mwenzake. Mara nyingi mkalimani atakuwa kwenye simu au skrini. Si sawa na kuwa na mwanawe kando, najua. Lakini yapo ya mwili wake ambayo mama hakuambii wewe umwambie daktari. Mkalimani anaweza kuambiwa. Na maabara ya kemia huwezi kuifanyia nyumbani.

La kazi ni gumu, kwa sababu hiyo hela ina watu wake. Siwezi kukwambia acha wakati sijui kodi ya nyumba inalipwaje. Nakwambia punguza, na uwe na mazungumzo na wazazi kuhusu namba: zamu tatu za usiku kila wiki zimegharimu alama hizi, zamu moja ingeleta kiasi gani pungufu nyumbani? Nenda ofisi ya msaada wa fedha uwaeleze hali ya familia, uulize kama kuna ruzuku hujaiomba au kazi ndani ya chuo, ya mchana, ya maktaba au maabara. Hata hivyo usiiache kabisa kazi ya wazee. Kumgeuza mgonjwa kitandani, kumlisha, kumsikiliza mtu aliyesahau jina la mwanawe, hayo ndiyo mambo ambayo vyuo vya udaktari vinataka kujua kama umeyaona kabla hujasema unapenda kutibu. Wenzio wengi wanayatafuta kwa tochi. Wewe unayafanya kila wiki, umeshindwa tu kuyapunguzia dozi.

Sasa namna ya kusoma. Umesema unasoma kitabu “mara tatu tatu, na rangi za kupigia mstari.” Hapo ndipo ninapokushika. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakarudia kusoma. Wengine baada ya kusoma wakafunika karatasi na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Na kichekesho ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika kwamba watakumbuka. Umejiona humo? Ile hali ya kufunga kitabu saa nane usiku ukisema “hii naijua”, asubuhi karatasi ya mtihani inakukana mchana kweupe.

Basi badilisha. Ukitoka kipindini, kabla ya kula, chukua karatasi tupu uandike ulichosikia bila kufungua daftari. Utaona mashimo yako wapi. Hayo ndiyo ya kwenda kusoma. Mitihani ya miaka iliyopita, kama mwalimu anaitoa, ifanye kwa saa, kitabu kikiwa chumba kingine. Maswali ya mwisho wa sura yafanye yote, hata uliyoambiwa si lazima. Kemia ya mwaka wa kwanza haiulizi kama umeelewa mwalimu alipokuwa anaeleza. Kila mtu anaelewa mwalimu akieleza. Inauliza kama unaweza kulifanya swali usilowahi kuliona, dakika zikienda, mwenzio pembeni akifungua ukurasa wa tatu.

Halafu unasoma peke yako. Hukuniambia, nimekisia tu. Miaka ya 1970 kule Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanahisabati Uri Treisman alishangaa kwa nini wanafunzi Weusi waliofika na alama nzuri walikuwa wanaanguka kwenye kalkulasi. Walimu walikuwa na majibu tayari: hawana ari, familia haziwasukumi, hawakuandaliwa. Treisman akawafuata wanafunzi wenyewe mpaka mabwenini. Akakuta wana bidii, wana familia zinazowatia moyo, ila wanasoma kila mtu kivyake, kwa nidhamu kubwa na upweke mkubwa. Wanafunzi wenye asili ya China walikuwa wanakaa pamoja, wanalinganisha majibu, wanabishana, wanacheka, wanakula. Alipoanzisha vikundi vya kufanya maswali magumu kwa pamoja, matokeo ya wanafunzi Weusi walioingia humo yakapanda. Nyumbani hiyo ni diskasheni, kila chuo kina kona yake ya diskasheni chini ya mwembe. Wewe umezaliwa na watu wanaojua kukaa pamoja, ukafika huko ukajifungia. Tafuta watatu. Si lazima wawe Waafrika, si lazima muwe marafiki. Wawe tu watu wanaokuja.

Na mwalimu. Tumelelewa kwamba ukiitwa ofisini kwa mwalimu una kesi. Hapo ulipo, kila wiki mwalimu hutangaza saa za kupokea wanafunzi, na viti vingi hubaki vitupu mpaka wiki ya mtihani. Nenda na karatasi ya mtihani uliyofanya, chagua maswali uliyokosa, useme: “Hapa nilifikiri hivi. Nilipotea wapi?” Usiende kuomba alama, hilo litakuharibia jina. Kuna faida nyingine ambayo hakuna anayekwambia mwaka wa kwanza: vyuo vya udaktari hutaka barua za walimu wa sayansi, na mwalimu mwenye darasa la watu mia tatu hawezi kuandika lolote la maana juu ya mtu ambaye hajawahi kuisikia sauti yake.

MCAT nitaigusa kidogo, kwani usiku huu si wa kuogopa MCAT. Ni mtihani wa kuingilia, alama zake zinaanzia 472 hadi 528, katikati ni 500, nao unakula siku nzima, saa saba na nusu ukihesabu mapumziko. Una sehemu nne. Tatu ni za sayansi, mojawapo ikiwa saikolojia na mambo ya jamii. Ya nne ni kusoma vifungu vigumu vya Kiingereza, vya falsafa, sanaa, historia, na kujibu maswali bila kuhitaji kujua sayansi yoyote. Hiyo ndiyo huwanyoosha watoto wetu waliokijua Kiingereza wakiwa wakubwa kidogo, na haikaririwi kwa miezi mitatu. Wewe una A- ya uandishi. Usiione ndogo. Soma kila siku maandishi marefu yanayokuchosha kidogo, kuanzia sasa. Na usiufanye mtihani huo “kujaribu”, kwa sababu kila jaribio linaonekana kwa vyuo, na ukomo ni mara 7 maishani. Kwa familia zenye kipato kidogo AAMC ina mpango wa msaada wa ada, unaopunguza ada ya MCAT na kusamehe ya maombi. Uuombe kabla ya kulipa chochote, kwani ulichokwisha kulipa hakirudi.

Niliahidi kukueleza DO. Ni vyuo vya udaktari vyenye mkondo wake, ulioanzia Missouri, chuo cha kwanza kikifunguliwa Kirksville mwaka 1892. Mhitimu wake ni daktari kamili: anaandika dawa, anapasua, anaweza kuwa bingwa wa moyo. Tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya MD na DO yako chini ya usimamizi mmoja. Wazazi wataona herufi mbili zisizojulikana Uvira wala Kigoma na watauliza kama ni udaktari wa kweli. Wajibu ndiyo, na uombe kote.

Mtu mwingine atakwambia habari za vyuo vya visiwa vya Karibi, vinavyopokea watu wenye alama za chini haraka. Vipo vilivyozalisha madaktari wazuri. Lakini tazama upande wa kutokea: wanaomaliza vyuo vya Marekani, MD au DO, zaidi ya 9 kati ya 10 hupata nafasi ya mafunzo ya ubingwa wakiomba mwaka wa mwisho, raia wa Marekani waliosomea nje ni kama theluthi mbili. Theluthi inayobaki nje mwaka huo ina deni na haina nafasi. Mimi mdogo wangu simtumi huko kabla hajamaliza njia zote za ndani, ikiwemo mwaka mmoja au miwili ya masomo ya sayansi baada ya shahada, ambayo vyuo kadhaa hutoa hasa kwa watu wenye karatasi kama yako.

Neno kwa wasomaji wengine walioko huko kwa viza ya mwanafunzi: kwenu vyuo vingi vya udaktari havifungui mlango, na vinavyofungua mara nyingi hutaka uonyeshe fedha za miaka yote mapema. Liulizeni hilo mwaka wa kwanza, kabla ya kuuza shamba. Binti wa leo mwenye makazi ya kudumu hana tatizo hilo.

Wazazi sasa. Waambie, na uwaambie wewe kabla hawajasikia kwa mwingine. Usianze na alama. Anza na njia, kwa sababu hakuna aliyewachorea. Kaa nao baada ya chakula, useme: “Baba, mama, huku udaktari haujaanza. Hii ni miaka minne ya kwanza, na ndani yake natafuta alama za kuombea. Muhula huu sikupata nilizotaka. Nimepanga kubadili haya na haya, na nahitaji mnisaidie kwa hili moja.” Kisha taja hilo moja: zamu, au mkalimani, au usiku wa kutoitwa. Mzazi aliyevuka ziwa akikimbia vita hawezi kuvunjwa na C. Kinachomvunja ni kudanganywa miaka minne. Kuhusu mchungaji, mwache akuite daktari. Ndivyo makanisa yetu yanavyopenda watoto wake. Baba anaweza kumnong’oneza kwamba kwa sasa waombe kemia.

Umeuliza kama uache, nami nisikwepe. Usiache kwa sababu ya muhula mmoja uliosomwa kwa usingizi wa masaa manne. Jipe hadi mwisho wa mwaka wa pili, utakapokuwa umekutana na kemia ya kaboni. Ukibadili namna ya kusoma, ukapunguza zamu, ukawa na kikundi na mwalimu anayekujua, na bado sayansi zinakuja C, hapo tutakaa tena na mazungumzo yatakuwa mengine. Wakati huo nitakuuliza kama unaipenda wodi au unalipenda jina, na kama uuguzi, ufamasia au afya ya jamii havikuiti kwa haki yake. Swali hilo leo ni mapema. Leo hujui unaweza nini, kwa sababu hujawahi kusoma hata wiki moja ukiwa umelala vizuri.

Na kama kulia kumegeuka kitu kingine, huli, huamki, au unafikiria kutokuwepo, weka barua hii chini upige 988, ukiwa popote Marekani, saa yoyote. Kisha mwambie mama. Hilo halisubiri mwisho wa muhula.

Haya. Wiki hii nataka mambo mawili tu kwako: fika kwa mwalimu wa kemia saa zake za kupokea wanafunzi ukiwa na ile karatasi, na umpe msimamizi wako kazini taarifa ya kupunguza zamu kabla ratiba ya mwezi ujao haijatoka. Mtihani wa kwanza wa kemia ya pili ukirudi, niandikie alama yake, iwe yoyote.